Ukifika kilele cha Saanane, usikimbilie kushuka

Mwana wa Nyamagana (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Swali la "nipo Mwanza siku mbili, niende wapi?" halikauki humu, na majibu yake hayabadiliki: kapige picha Jiwe la Bismarck, kale sato, urudi zako. Wachache hutaja Saanane, na hao nao husema kuna swala, utazunguka kidogo kisha utapanda boti urudi. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliandika. Utamu wa Saanane uko juu kileleni, na anayeupata ni yule anayekaa. Anayepanda, akapiga picha, akashuka, ameuacha hukohuko.

Kwa asiyepajua: Saanane ni kisiwa kilicho jirani na Capri Point, ndani ya jiji kabisa. Boti inaondokea gati la hifadhi palepale Capri Point, mwendo wa dakika chache. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akilima na kuvua hapo kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama ya serikali mwaka 1964. Baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 Hifadhi ya Taifa. Eneo lote la hifadhi, ukijumlisha na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18. Kwa hiyo njia ya kwenda juu haiwezi kuwa ndefu. Inaanza chini kwenye miti, inapita katikati ya mawe makubwa, na huko mwisho unatembea juu ya mwamba mtupu. Mtoto wa shule ya msingi anafika. Mtu mzima asiyezoea mazoezi anafika pia, akipumzika njiani.

Sasa, kwa kuwa kupanda hakuchukui muda, watu wanadhani na kukaa kusichukue muda. Wanafika juu wakihema, wanaongea kwa sauti, simu juu, dakika kumi, haya twendeni. Kila kiumbe kimejificha kwa kelele zao. Wanarudi mjini wakisema hakuna kitu kule.

Kaa chini. Tafuta mahali penye kivuli, nyamaza, subiri.

Wa kwanza kurudi ni mijusi. Dume ana kichwa na kifua chekundu kinachoelekea zambarau, mwili uliobaki ni bluu iliyoiva. Majike wana rangi ya udongo, usipotulia huwaoni kabisa. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani jina la mji wetu limo ndani yake. Dume mmoja hushika jiwe lake pamoja na majike kadhaa, na akitokea dume mwingine utamwona anainuka na kushuka kwa miguu ya mbele kama kuruta anayepiga pushapu. Anayekimbilia boti hawezi kuyaona hayo.

Kisha pimbi. Kwanza utaona alama zao: michirizi myeupe kwenye kuta za mawe, ambayo wengi huidhani ni chokaa. Ule ni mkojo. Pimbi hukojoa mahali palepale kizazi baada ya kizazi, na chumvi yake hugandia mwambani. Asubuhi hutoka kuota jua kwa sababu mwili wao haumudu vizuri kutunza joto. Hulala wamebanana, mmoja anabaki macho. Huyo mlinzi akipiga kelele, wote wanapotelea kwenye nyufa. Hapo hapo tazama juu, huenda kuna ndege mla nyama anapita. Na mnyama huyu mdogo, ambaye ukimtazama utamdhani ni panya mkubwa, ukoo wake wa karibu ni tembo. Waambieni watoto hilo wakiwa wanamtazama, muone nyuso zao.

Halafu upepo. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Asubuhi na mapema hewa inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, ardhi inashika joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu inanyanyuka, na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Ukiwa umekaa kileleni kuna wakati upepo unatulia kabisa, jani halitikisiki, kisha unaanza kukupiga kutoka upande mwingine. Ziwa lote linabadilika sura: pale palipokuwa laini panaanza kukunjamana, na ule mkunjo unausogelea mji huku unautazama. Nimeishi mjini hapa nikisikia upepo kila siku, lakini kuuona ukigeuka niliuona nikiwa juu.

Mwisho utazame mji. Utaona jengo la Bugando juu ya kilima chake, nyumba za Igogo zilizopanda mawe, bandari ya Mwanza Kusini, na ng'ambo ya ghuba milima ya upande wa Sengerema. Ukiwa chini, Mwanza ni foleni na kona. Ukiwa juu unaelewa kwa nini kuna kona: barabara zinapita mabondeni kwa sababu mawe hayakuzipa njia nyingine, na watu walipojaza mabonde wakaanza kupanda. Mtu anayetaka kupajua hapa angeanzia hapo.

Ya kuzingatia. Vaa raba zenye soli yenye meno, kandambili ziache gatini. Mwamba ukilowa unateleza sana. Mvua ikinyesha, subiri ukauke. Saa saba mchana jiwe huwezi kuliwekea kiganja, basi nenda asubuhi au alasiri. Maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa kurudishia takataka zako. Usiandike jina lako kwenye jiwe, tafadhali sana. Na lililo kubwa: kabla hujapanda boti, kubaliana nao kabisa kwamba unataka kukaa juu saa mbili. Wengi wanaharakishwa kwa sababu hawakusema.

---

binti_Kirumba

Kaka, nimezaliwa Kirumba na Saanane nakionaga tu kwa mbali. Kiingilio ni shilingi ngapi?

---

Mwana wa Nyamagana

Dada, viwango hubadilika, kwa hiyo sitaandika namba itakayompotosha mtu mwakani. Mtanzania analipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, ila beba kitambulisho. Jiandae kulipa kwa simu au kadi badala ya taslimu. Ukipita gatini siku moja kabla, watakueleza yote pamoja na saa za boti.

---

Mwalimu wa Kata

Uzi mzuri. Naomba niongeze habari ya mawe yenyewe, maana wanafunzi wangu wengi hudhani yalipangwa na watu wa kale au yaliporomoka kutoka mahali.

Jiwe letu ni itale (granite). Liliganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Lilipoganda lilikuwa na nyufa za kukatizana, wima na ulalo. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa hizo na kuulainisha mwamba polepole ukiwa bado umefunikwa. Pembe huliwa kwanza kwa sababu zinashambuliwa pande tatu, ndiyo maana kinachobaki ni mviringo. Baadaye mvua zikaondoa ule udongo laini na viini vikabaki wazi, kimoja juu ya kingine, palepale vilipokuwa tangu mwanzo. Jiwe lililokaa juu ya jingine pale Bismarck halikuletwa na yeyote. Kilichokuwa kimelizunguka ndicho kilichoondoka.

Sasa linganisheni na ziwa. Victoria ni kichanga: umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, na kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Liliwahi kukauka, na mara ya mwisho ni takriban miaka 15,000 iliyopita. Maana yake Saanane wakati huo kilikuwa kilima cha kawaida, mtu angekifikia kwa miguu bila kulowa. Maji yalikuja baadaye yakakizunguka. Nikiwa na wanafunzi nawaambia waliguse jiwe kwanza, ndipo watazame maji.

Na kwa kuwa mwanzisha uzi amezungumzia kukaa: tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili akiwa kwenye kilima hapa maeneo ya Mwanza. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza na kuvua ndani yake tangu zamani. Yeye alikaa siku chache, akageuza kurudi Kazeh, Tabora ya leo, akitangaza kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Hakulizunguka. Mwenzake Richard Burton akamkatalia, na ubishi huo ulikuwa haujaisha Speke alipofariki mwaka 1864. Ilibidi Henry Morton Stanley aje mwaka 1875, aanzie Kageye hapo mashariki mwa mji, alizunguke kwa mashua ndipo mambo yanyooke. Kilima kilimwonyesha Speke kitu cha kweli, lakini siku chache hazikumtosha kukithibitisha.

---

Kokoto

Mkuu mwanzisha uzi, sina ugomvi na wewe, ila nitasema.

Sisi wa Mabatini kupanda mlima ni kila siku. Bodaboda inakushusha chini, kilichobaki ni miguu yako. Maji yakikatika unapanda na ndoo. Mgonjwa tunamshusha mgongoni. Mama yangu ametulea kwa kugonga kokoto. Amekaa juu ya mawe miaka na miaka, jua linampiga, vumbi linamwingia machoni. Mijusi hiyo ya kichwa chekundu ilikuwa inatutembelea tukigonga. Leo nikiambiwa nilipe boti nikakae juu ya jiwe nimtazame mjusi, nakosa la kusema.

---

Mwana wa Nyamagana

Kokoto ndugu yangu, umesema jambo zito na sitalipunguza hata kidogo. Uliyoyaeleza ndiyo Mwanza, na mtu akija akaona mawe bila kuwaona waliojenga juu yake hajaona kitu.

Ila nikuambie ninavyowaza. Mama alikaa juu ya mawe akiwa kazini. Kila dakika ya kuinua macho ilikuwa debe la kokoto linalopungua. Ninachokitamani ni mtu kama yeye apate saa mbili za kukaa juu ya jiwe bila nyundo mkononi, watoto wake pembeni, chai kwenye chupa. Simwoni kuwa wa mwisho kuambiwa apande. Angekuwa wa kwanza. Na si lazima iwe Saanane. Jiwe la juu kabisa mtaani kwenu, jioni jua likilegea, linafaa, na halina kiingilio. Naandika Saanane kwa sababu kule kuna ukimya na wanyama hawaguswi.

Mpe mama salamu zangu. Shikamoo yake.

---

Fundi_Bugarika

Namuunga mkono Kokoto, na niongeze la kazini.

Tunaojenga vilimani, jiwe likikaa kwenye msingi tunalipangia kuni, tunalichoma mpaka lishike moto kwelikweli, linabambuka kwa maganda, nyundo inamalizia. Jua la mchana na ubaridi wa usiku nao hulibambua jiwe, ila huchukua miaka isiyohesabika. Sisi tunatumia siku moja. Linaloniuma ni kwamba yale mawe yaliyopandana yanapungua mtaani, na ukishalipasua jiwe la mviringo halirudi. Siku hizi namshauri mteja aliache lile kubwa liwe ukuta wa nyuma. Chumba kinapoa na anaokoa tofali.

Jingine la usalama, kwa wanaopanda na wanaojenga: usichimbe udongo ulioshikilia jiwe lililoegama. Mvua ikija, jiwe linashuka na chochote kilicho mbele yake. Na ukiwa kwenye matembezi, usimsimamishe mtoto chini ya jiwe la namna hiyo eti apige picha analisukuma.

---

Mvuvi wa Igombe

Huo upepo alioueleza ndugu ndio ratiba yetu. Usiku ni kinyume: nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na joto, basi upepo unatoka kila upande wa ziwa na kukutana katikati. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwani ni za usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati nchi kavu mvua huja sana mchana. Watu wa dagaa tuko majini saa hizohizo, na taa zetu.

Mtu akikaa kileleni mapema akaona mawingu mazito yanaondokea ziwani, ajue kuna watu wamelala nayo.

---

Mgeni_Dodoma

Nakuja na familia mwezi wa sita. Mke wangu anaogopa maji. Kwao walipoteza watu meli ya MV Bukoba ilipozama, na tangu tuoane hajapanda chombo chochote. Hata kivuko hataki. Nifanyeje? Simlazimishi.

---

Mwana wa Nyamagana

Pole sana kwake na kwa wote wa familia hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 hapa mjini haijasahaulika. Pale Igoma kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu, wengi bado huenda. Unafanya vema kutomlazimisha.

Mpelekeni kilima cha Capri Point. Hakuna boti. Mnapanda kwa miguu kwa njia ya mtaani mpaka kwenye mawe ya juu, mnauona mji, ghuba, na Saanane yenyewe ikiwa chini yenu. Kilima cha Isamilo nacho kinafaa. Akitaka kwenda Igoma kwanza, nendeni Igoma kwanza, kilima hakihami.

Kwa wanaovuka: jaketi okozi ni lazima, lifungwe kifuani mpaka mwisho, na la mtoto liwe saizi ya mtoto. Usipolipata linalomkaa, usipande. Liseme bila haya.

---

Mama Wawili

Watoto wangu wakishachoka kupanda watataka kuoga ziwani. Kule kunaruhusiwa?

---

Nesi_Sekou

Dada, usiwaruhusu, na si kule tu. Maji ya ukingoni, hasa penye majani, yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, navyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Kichocho ni tatizo kubwa kandokando ya ziwa hili. Kama mtoto alishazoea kuoga ziwani, mpeleke kituo cha afya apimwe. Dawa ipo na inatibika. Halafu mamba wapo. Wacha waoge nyumbani.

---

Kisesa Yetu

Mwadila bose. Msiisahau Bujora jamani. Ukitoka mjini shika barabara ya Musoma hadi Kisesa, halafu unapandisha. Makumbusho ya Wasukuma yako kwenye kilima cha mawe, yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari aliyetoka Quebec, ambaye aliwapenda Wasukuma na ngoma zao mpaka akazipeleka kanisani. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya msonge, kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Mwezi wa sita kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, makundi ya Wagika na Wagalu yanashindana kucheza mpaka watu wanapoteza sauti. Mgeni_Dodoma, mwezi huohuo unaokuja. Mke wako hatavuka tone la maji.

---

Mgeni_Dodoma

Wabeja sana, nimejifunza hilo neno leo. Capri Point na Bujora, nimeshaandika.

---

binti_Kirumba

Nimerudi kutoa taarifa. Tumeenda na wadogo zangu, boti ya asubuhi. Tuliwaambia kabisa tunataka saa mbili, wakakubali bila neno. Mdogo wetu wa mwisho hakukaa kimya hata kidogo nusu saa ya kwanza, hatukuona kitu. Akalala. Ndipo pimbi wakatoka, zaidi ya kumi, wengine na watoto wao, wakajilaza kwenye mwamba wa chini yetu. Tukamwamsha polepole aone. Tangu jana anamuuliza baba kama ni kweli huyo ni ndugu wa tembo, na baba haamini. Naomba mwalimu aje amjibu baba.

---

Mwalimu wa Kata

Mwambie mzee, shikamoo, na ni kweli kabisa. Amtazame pimbi akipiga miayo: meno mawili ya juu ya mbele hayaachi kukua na yamechongoka, kama pembe za tembo ambazo nazo ni meno. Kucha za miguuni pia karibu zote ni bapa, hazina ncha za kuparulia. Ukoo wao wa tatu ni nguva wa baharini. Akikataa na hilo, nitakuja nyumbani na kitabu.

---

Kokoto

Mkuu, nimemsomea mama uzi huu wote. Amecheka sana hapo pa debe, akasema ni kweli, mwenye kutazama hewa hakujaza debe. Anasema Saanane alikuwa anakiona akienda sokoni, hakuwahi kudhani watu wanaruhusiwa kupanda. Amekubali kwenda. Shida magoti, miaka ya kukaa kwenye jiwe imemharibu. Atafika juu?

---

Mwana wa Nyamagana

Kokoto, nimefurahi mpaka nimeita watu wa nyumbani wasome.

Mpeleke siku ya katikati ya wiki, makundi ya shule na ya harusi huwa machache. Pitia gatini siku moja kabla uwaambie askari wa uhifadhi kwamba unaleta mzazi mwenye magoti, watawapa mtu wa kutembea nanyi polepole. Fimbo moja imara kwa mkono wa upande wenye goti zima. Kupanda hakutamsumbua sana; kushuka ndiko kunakobana magoti, basi wewe utangulie mbele yake, mkono wake uwe begani kwako, na pale penye mwamba mtelemko ashuke akiwa amekaa, hakuna aibu. Kabla ya mwamba wa mwisho kuna mawe yenye kivuli ambako ziwa linaonekana vizuri. Akisema inatosha hapo, kaeni hapo, na pimbi watakuja hapohapo. Chupa ya chai naleta mimi, nitumie ujumbe kwenye sanduku mkikubaliana siku.